Augustino wa Hippo: alianza kwa kuudharau mwili, akamaliza akiungoja ufufuo

Masomo: Mwanzo 2:4-7, Warumi 7:14-25, 1 Wakorintho 15:35-58



Kwenye kilio, kwenye mahubiri, hata katika mashauri ya nyumbani, mara nyingi tunasikia kwamba mwili si kitu, cha maana ni roho tu. Anayesema hivyo kwa kawaida anataka kufariji, na kuna ukweli ndani yake, maana Bwana Yesu mwenyewe alituonya tusimwogope yeye awezaye kuua mwili peke yake. Lakini neno hilo likifuatwa mpaka mwisho wake linazaa matunda machungu. Mgonjwa anaambiwa aombe tu, asipoteze franka zake kwenye kituo cha afya. Mwanamke aliyebakwa anatazamwa kama mtu aliyechafuliwa mpaka ndani ya nafsi. Mwenye njaa kambini anapewa mahubiri bila unga. Na kijana aliyeanguka katika dhambi anajitetea kwamba ni mwili wake tu ulioanguka, roho yake ingali safi.

Swali la mtu ni nani, kama ni mwili, au nafsi, au vyote viwili, ni la zamani sana. Wanafalsafa wa Wayunani walilijadili kabla ya Kristo, na Kanisa la karne za kwanza lilipambana nalo. Leo tumfuate Mwafrika mmoja aliyelibeba swali hilo karibu maisha yake yote, akakosea mara nyingi, na akakubali kusahihishwa na Neno la Mungu. Ni Augustino, askofu wa Hippo. Katika makala hii nitatumia neno nafsi kwa kile kilicho ndani ya mtu kisichoonekana, kinachofikiri, kinachopenda na kuamua, ambacho wengi wetu huita roho.

Mtoto wa Thagaste

Augustino alizaliwa tarehe 13 Novemba 354 katika mji mdogo wa Thagaste, ambao leo unaitwa Souk Ahras, nchini Aljeria. Wakati ule Afrika ya Kaskazini ilikuwa chini ya utawala wa Roma. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na hakuwa Mkristo mpaka karibu na kufa kwake. Mama yake, Monika, alikuwa mwanamke wa maombi. Augustino hakubatizwa utotoni. Mara moja alipougua sana walitaka kumbatiza haraka, lakini alipopona jambo hilo likaahirishwa.

Alisoma shule Thagaste, kisha Madaura. Baadaye kwa msaada wa tajiri mmoja wa mji wao, Romanianus, alikwenda Carthage, mji mkubwa uliokuwa karibu na Tunis ya leo. Huko akaanza kuishi na mwanamke bila ndoa, na wakazaa mtoto wa kiume, Adeodatus, jina linalomaanisha aliyetolewa na Mungu. Alipofikisha miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kuhusu kutafuta hekima, na moyo wake ukawaka. Akafungua Biblia, lakini akaona lugha yake ni ya watu wa chini, haina mapambo aliyozoea shuleni. Akaiweka kando, akaingia katika dini nyingine.

Dini ya nuru na giza

Dini hiyo ilianzishwa na Mani, mtu wa Mesopotamia aliyekufa gerezani huko Uajemi katika karne ya tatu. Alifundisha kwamba tangu milele kuna falme mbili, ya nuru na ya giza, na kwamba zilipigana hata vipande vya nuru vikamezwa na giza. Kwa mafundisho hayo, nafsi ya mtu ni kipande cha nuru ya Mungu kilichofungwa ndani ya nyama, na mwili ni kazi ya giza. Wokovu ni kuitoa nuru ile gerezani.

Wateule wa dini hiyo hawakula nyama, hawakunywa divai, hawakuoa wala kuolewa. Kuzaa mtoto lilikuwa jambo la kusikitisha, kwa sababu ni kuifunga nuru katika mwili mwingine tena. Chini yao walikuwako wasikilizaji, ambao waliruhusiwa kuwa na familia, na kazi yao ilikuwa kuwaletea wateule matunda na mboga. Augustino alikuwa msikilizaji kwa muda wa miaka tisa hivi.

Kwa nini mtu mwenye akili kama yeye alikaa humo muda mrefu hivyo? Baadaye alieleza sababu moja inayopaswa kutushtua. Mafundisho hayo yalimpa udhuru. Alipotenda dhambi aliweza kusema kwamba si yeye aliyetenda, bali ile asili nyingine ya giza iliyo ndani yake. Nafsi yake ilibaki bila hatia machoni pake mwenyewe, na lawama zote zikaenda kwa mwili. Yule kijana wetu anayejitetea leo anafuata njia hiyo hiyo bila kujua jina la Mani.

Rafiki aliyebatizwa bila kujitambua

Augustino alirudi Thagaste kufundisha, na huko alikuwa na rafiki waliyesoma pamoja tangu utoto. Alimvuta naye katika dini ya Mani. Rafiki huyo akashikwa na homa kali, akalala bila fahamu, na watu wa nyumbani wakambatiza hali hajitambui. Tunaweza kujadiliana kama ubatizo wa namna hiyo unafaa, lakini tuliache hilo kwa leo. Tutazame alivyofikiri Augustino. Hakujali kabisa. Aliamini kwamba kilichotendwa juu ya mwili usio na fahamu hakiwezi kuigusa nafsi.

Mgonjwa alipopata nafuu, Augustino akaanza kuufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka pamoja. Rafiki yake alimtazama kwa hofu kama anavyotazamwa adui, akamwambia aache maneno hayo kama anataka waendelee kuwa marafiki. Siku chache baadaye homa ikarudi, na rafiki akafa, Augustino akiwa hayupo.

Hapo mafundisho ya Mani hayakumsaidia. Kama mwili ni gereza, basi rafiki amefunguliwa, na hakuna sababu ya kulia. Lakini alilia mchana na usiku. Macho yake yalimtafuta rafiki kila mahali, na kila mahali palipomkosa pakawa pachungu. Akashindwa kuvumilia Thagaste, akarudi Carthage. Alikuwa amempenda mtu mzima, mwenye sauti na uso na kicheko, wala si kipande cha nuru kilichojificha ndani yake.

Milano, Plato na vita ya utashi

Faustus, mwalimu mkuu wa dini ya Mani, alipofika Carthage, Augustino alimuuliza maswali yaliyokuwa yakimsumbua. Akamkuta ni mtu mpole na msemaji mzuri, lakini hana majibu. Mwaka 383 Augustino akavuka bahari kwenda Roma, na mwaka uliofuata akapewa kazi ya kufundisha ufasaha wa kusema huko Milano. Hapo akamsikia Askofu Ambrosius akihubiri, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba Agano la Kale linaweza kufafanuliwa kwa akili.

Tatizo lake kubwa lilikuwa kwamba hakuweza kuwaza kitu chochote kisichokuwa na umbo. Hata Mungu alimfikiria kama mwili mwepesi sana uliotanda kila mahali. Vitabu vya wafuasi wa Plato, hasa Plotinus na Porphyrius, vilivyotafsiriwa kwa Kilatini na Marius Victorinus, vilimfungua. Alielewa kwamba Mungu ni Roho, hana kimo wala upana. Akaelewa pia kwamba uovu si kitu kilichoumbwa, bali ni upungufu wa wema, kama giza lilivyo upungufu wa mwanga. Kwa hiyo kila kitu ambacho Mungu aliumba ni chema, na mwili pia ni mwema.

Lakini wafuasi wa Plato walikuwa na shida yao. Kwao nafsi ilishuka ikaangukia mwilini, na mtu mwenye hekima hutamani kuukimbia mwili ili arudi juu. Augustino aliandika baadaye kwamba katika vitabu vyao alisoma mengi juu ya Neno aliyekuwako kwa Mungu, ila hakusoma kwamba Neno huyo alifanyika mwili. Jambo moja lile lilikuwa na uzito kuliko mengine yote.

Wakati huohuo maisha yake hayakuwa safi. Mama yake alimtafutia mchumba wa familia yenye cheo, na yule mwanamke aliyekuwa amezaa naye akarudishwa Afrika, akimwacha mtoto. Augustino aliandika kwamba moyo wake ulichanika na kutoa damu, lakini hata jina la mwanamke huyo hakutuachia. Mchumba alikuwa bado mdogo, hajafikia umri wa kuolewa, na katika kumngoja Augustino akachukua mwanamke mwingine. Tusifiche jambo hili kwa sababu aliyelifanya baadaye alikuwa askofu. Mwanamke yule naye alikuwa na mwili na nafsi.

Mwaka 386, katika bustani ya nyumba waliyokaa Milano, vita yake ilifika kileleni. Aliona jambo la ajabu: nafsi ikiamuru mkono usogee, mkono unasogea mara moja, lakini nafsi ikijiamuru yenyewe kutaka jema, inakataa. Basi adui hakuwa mwili, maana mwili unatii. Wala hapakuwa na asili mbili ndani yake, moja ya nuru na moja ya giza. Alikuwa ni yeye mmoja, mwenye utashi uliogawanyika, akitaka na kutotaka. Siku hiyo udhuru wake wa miaka tisa ulivunjika. Akasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikimhimiza achukue asome, akafungua waraka kwa Warumi, na macho yake yakaangukia sura ya 13, mistari ya 13 na 14. Usiku wa Pasaka mwaka 387 Ambrosius alimbatiza pamoja na mwanawe Adeodatus na rafiki yake Alypius.

Kaburi la Monika

Mwaka huo huo, wakiwa Ostia, bandari ya Roma, wakingoja meli ya kurudi Afrika, Monika alishikwa na homa. Kwa miaka mingi alikuwa ameandaa kaburi lake kando ya mumewe huko Thagaste. Sasa akawaambia wanawe wauzike mwili wake popote, wamkumbuke tu mbele za Bwana. Alipoulizwa kama haogopi kuuacha mwili wake mbali hivyo na nyumbani, alijibu kwamba hakuna mahali palipo mbali na Mungu, na hana hofu kwamba Mungu atakosa kujua mahali pa kumfufua. Alikufa siku ya tisa ya ugonjwa wake, akiwa na miaka 56.

Wengi wetu tumewazika watu wetu mbali na ardhi ya wazee, wengine kando ya barabara ya kukimbilia. Neno la Monika ni letu pia. Hakusema kwamba mwili hauna maana. Alisema kwamba Mungu anajua ulipo, na ataurudia.

Augustino alijizuia asilie, na Adeodatus alipolia kwa sauti wakamnyamazisha. Alidhani Mkristo akilia anaonyesha kukosa imani. Alikwenda kuoga akitumaini maji yatamwondolea huzuni, lakini alitoka bafuni na huzuni ile ile. Akalala, akaamka, na alipokuwa peke yake machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. Alipoandika habari hizo miaka kama kumi baadaye, hakuomba radhi kwa machozi yale. Alimwomba msomaji asimcheke, bali amlilie pamoja naye.

Mchungaji wa watu wenye miili

Mwaka 388 alirudi Afrika, na Adeodatus akafa akiwa bado kijana. Mwaka 391 alipotembelea Hippo, mji wa bandari unaoitwa leo Annaba, waumini walimshika kanisani na kudai awe mchungaji wao. Alilia, lakini akakubali, na karibu mwaka 395 akawa askofu. Alikaa hapo mpaka kufa.

Katika maandishi yake ya kwanza baada ya kuamini, bado alizungumza kama mfuasi wa Plato, akihimiza watu wakimbie kila kitu kinachoguswa na kuonekana. Miaka ya uchungaji ilimbadilisha. Kila wiki alisimama mbele ya watu wenye madeni, wagonjwa, wajane na watumwa. Tena alirudia mara kadhaa kukifafanua kitabu cha Mwanzo, mpaka akamaliza ufafanuzi mkubwa wa vitabu 12. Mwanzo haisemi kwamba Mungu aliitwaa nafsi iliyokosa akaiadhibu kwa kuifungia ndani ya udongo. Inaonyesha Mungu akiufinyanga udongo kwa mikono yake, akaupulizia pumzi, na mtu yule wa udongo akawa nafsi hai.

Alifundisha kwamba nafsi haikai mwilini kama mpangaji katika chumba kimoja cha nyumba. Ipo yote katika kila kiungo. Mguu ukiumia, jicho linageuka kutazama, ulimi unasema, mkono unakwenda kusaidia, kwa sababu ni nafsi moja inayosikia maumivu. Alifundisha pia kwamba nafsi kwa asili yake inatamani kuutunza mwili wake, na kwa sababu hiyo mauti si rafiki. Mauti huwatenganisha kwa nguvu wawili waliounganishwa na Mungu.

Na dhambi inatoka wapi? Alijibu kwa kusoma Wagalatia sura ya 5. Paulo anapotaja matendo ya mwili anahesabu uzinzi na ulevi, lakini pia uadui, wivu na fitina, ambazo ni dhambi za nafsi. Zaidi ya hayo, Shetani hana nyama wala damu, na hata hivyo amejaa kiburi na husuda kuliko wote. Basi mtu anayeishi kwa kufuata mwili, kama Paulo anavyosema, ni mtu mzima anayeishi kwa kujifuata mwenyewe badala ya kumfuata Mungu.

Lipo swali moja ambalo hakupata jibu lake: nafsi ya mtoto inatoka wapi? Je, Mungu huiumba mpya kila mtoto anapotungwa, au hupokelewa kutoka kwa wazazi tangu Adamu? Karibu mwaka 415 alimwandikia Hieronimo, mtafsiri mkuu wa Biblia, akimwomba msaada. Kijana mmoja, Vincentius Victor, alimdharau kwamba askofu mzee hajui hata nafsi yake ilikotoka. Augustino alimjibu kwa vitabu vinne, kwa upole wa baba, akimkumbusha kwamba kukiri usichokijua si aibu. Mpaka uzee wake aliandika kwamba swali hilo bado hajalijua. Sisi wahubiri tunaosema kila jambo kwa uhakika tungefanya vema kujifunza hapo.

Wanawake wa Roma

Tarehe 24 Agosti 410 majeshi ya Wavisigothi chini ya Alaric waliingia Roma, wakapora kwa siku tatu. Wakimbizi wakavuka bahari mpaka Afrika. Walileta habari za wanawake wa Kanisa waliobakwa, na baadhi yao walikuwa wamejiua kwa aibu. Watu wasioamini walicheka, wakiuliza Mungu wa Wakristo alikuwa wapi. Augustino akaanza kuandika kitabu chake kikubwa, Mji wa Mungu, na karibu mwanzoni kabisa akalijibu jambo hilo.

Alisema usafi wa mtu unakaa katika utashi wake. Tamaa ya mwingine haiwezi kumchafua mtu ambaye hakukubali, hata ikiutendea mwili wake ubaya wote. Aliyebakwa hakupoteza utakatifu wa nafsi, na mwili wake pia haukupoteza utakatifu, maana nafsi inayoutakasa haikuanguka. Hatia yote ni ya mtenda jeuri. Warumi walikuwa wakimsifu Lucretia, mwanamke wa zamani aliyejiua baada ya kubakwa. Augustino aliuliza kwa nini auawe asiye na kosa. Aliwatetea wanawake Wakristo waliochagua kuishi, akasema wana ushuhuda wa dhamiri yao mbele za Mungu, na hawadaiwi kitu kingine.

Katika sura nyingine ya kitabu hicho aliongeza kwamba huenda baadhi yao walikuwa na kiburi kilichofichika ambacho Mungu alitaka kukiondoa. Hapo tusimfuate. Hakuna mchungaji anayepaswa kumtafutia dhambi ya siri mtu aliyejeruhiwa. Lakini neno lake kuu lilikuwa jipya katika dunia ile, na katika majimbo yetu ya mashariki bado linahitaji kuhubiriwa kwa sauti: mume asimfukuze mkewe, wazee wa kanisa wasimnyime meza ya Bwana, na kwaya isimwondoe katika safu yake.

Waliouawa Roma wengi hawakuzikwa. Kwa jamaa zao Augustino aliandika kwamba kukosa kaburi hakumzuii Mungu kumfufua mtu wake. Lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba kama watoto wanapenda kuhifadhi pete au nguo ya baba yao aliyekufa, basi zaidi sana mwili wake uheshimiwe, kwa kuwa mwili uko karibu nasi kuliko nguo yoyote. Wengine wetu tumezoea kusema mwili ni vazi tu. Augustino alisema ni zaidi ya vazi, ni sehemu ya mtu mwenyewe.

Miili ya wengine, na kosa lake

Imani hiyo ilionekana katika kazi. Aliagiza vyombo vya thamani vya kanisa viyeyushwe ili kukomboa mateka na kuwasaidia maskini. Katika miaka yake ya mwisho wafanya biashara ya watumwa waliwateka watu wa vijijini na kuwapitisha Hippo ili wauzwe ng'ambo. Waumini wa Hippo, askofu wao akiwa safarini, waliwakomboa watu wapatao 120. Augustino aliandika barua ndefu akitafuta sheria ya kuwazuia wafanya biashara hao.

Mwaka 412 Wadonati fulani, watu wa kundi lililojitenga na Kanisa, walihukumiwa kwa kumuua mchungaji mmoja na kumkata mwingine kidole na kumtoboa jicho. Augustino alimwandikia Marcellinus, mkuu wa serikali, akimsihi wahalifu hao wasiuawe wala wasikatwe viungo kama walivyofanya wao.

Hata hivyo ni yeye huyo aliyekubali serikali itumie faini na vitisho ili kuwarudisha Wadonati kanisani. Alidhani kuubana mwili kutaifungua nafsi. Watawala wa karne zilizofuata waliyatumia maneno yake kuhalalisha mateso mabaya zaidi. Pia, alipoandika juu ya tamaa ya ndoa, hakuacha kabisa mashaka yake ya zamani, na wengi wamebeba mzigo wa aibu kutokana na hayo. Tunampokea kama mwalimu mkubwa, lakini Neno la Mungu linabaki juu yake, kama yeye mwenyewe alivyotaka.

Ufufuo wa mwili

Mji wa Mungu uliisha karibu mwaka 426, na kitabu chake cha 22, ambacho ndicho cha mwisho, kinahusu ufufuo. Porphyrius alikuwa amefundisha kwamba nafsi ikitaka heri lazima ikimbie kila mwili. Augustino alijibu kwamba kinachotulemea ni uharibifu wa mwili, si mwili wenyewe, na Mungu ameahidi kuondoa uharibifu huo.

Watu walimuuliza maswali mengi. Itakuwaje kwa watoto wachanga waliokufa, kwa waliokatwa viungo, kwa walioliwa na wanyama? Alijibu kwamba aliyeumba kutoka pasipo kitu hashindwi kukusanya. Watoto watapata ukamilifu ambao hawakuufikia. Kilema kitaondoka. Makovu ya wafia dini huenda yakaonekana, lakini kama heshima, pasipo ubaya wowote. Wengine walidhani wanawake watafufuliwa wakiwa wanaume. Alikataa, akasema kuwa mwanamke si kasoro, ni uumbaji wa Mungu. Na karibu wakati huohuo alipitia upya vitabu vyake vyote, akasahihisha hadharani yale maneno ya ujana kuhusu kukimbia kila kinachoguswa.

Mji uliozingirwa

Mwaka 429 Wavandali walivuka kutoka Hispania, wakaenea Afrika ya Kaskazini wakichoma na kuua. Askofu mmoja, Honoratus, alimuuliza kama wachungaji wakimbie. Jibu la Augustino lilikuwa na hekima. Kama anayewindwa ni mchungaji peke yake, na wengine wapo wa kulitumikia kanisa, aweza kukimbia, kama Paulo alivyoshushwa kwa kapu Dameski. Kama watu wote wanahama, ahame nao. Lakini kama kundi limebaki, mchungaji asiliache. Wakati wa hatari ndipo watu huja mbio kanisani, wanataka ubatizo, faraja na meza ya Bwana, na mambo hayo hayatolewi na mtu asiyekuwapo.

Yeye mwenyewe alibaki. Mwaka 430 Hippo ikazingirwa, ikiwa imejaa wakimbizi. Katika mwezi wa tatu alishikwa na homa. Mtu mmoja alimletea mgonjwa ili amwekee mikono. Augustino akasema kwa utani kwamba angekuwa na uwezo huo angeanza kujiponya mwenyewe, kisha akamwekea mikono, na Possidius, rafiki yake aliyeandika maisha yake, anashuhudia kwamba mgonjwa alipona. Aliomba zaburi za toba ziandikwe na kubandikwa ukutani mbele ya kitanda chake, akazisoma kwa machozi. Alikufa tarehe 28 Agosti 430, akiwa na miaka 75. Hakuandika wasia, kwa sababu hakuwa na mali. Alipenda tu vitabu vya kanisa vitunzwe.

Tubaki na nini?

Karibu miaka 1,100 baada ya kifo chake, mtawa wa shirika lenye jina la Augustino, Martin Luther, alisoma maandishi yake na kuyatumia katika Matengenezo ya Kanisa. Kwa njia hiyo Augustino ni mzee wetu pia, sisi Waprotestanti, na ni mzee aliyezaliwa katika bara letu.

Tangu alipouona utashi wake ukigawanyika bustanini, hakuulaumu tena mwili kwa dhambi iliyoamuliwa na moyo. Nasi tusiulaumu, wala tusimhesabie mtu dhambi kwa yale mwili wake uliyotendewa kwa nguvu. Tulipofiwa, tulie bila aibu na kuzika kwa heshima, tukijua Mungu anajua kila kaburi, hata lile lisilo na alama. Tuwapeleke wagonjwa kwa waganga wa hospitali huku tukiomba. Tunapogawa chakula kambini tusione kwamba tumeacha kazi ya kiroho, maana anayelishwa pale ni mtu yuleyule tunayemhubiria.

Jumapili kwa Jumapili makanisa mengi hukiri ufufuo wa mwili. Safari ijayo tunapoyatamka maneno hayo, kila mmoja amkumbuke kwa jina mtu mmoja ambaye mwili wake umeumizwa, na wiki hiyo amtembelee.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo, aliyefufuka na alama za misumari mikononi, iwe nanyi nyote. Amina.